Dola 7 kwa saa, lakini saa ipi?

Swali: Nina kampuni ndogo hapa Mombasa, watu tisa, tunapokea simu za hoteli na za wakala wa bima. Dalali aliyeko Dubai ametuletea kazi ya duka la nguo la mtandaoni la Uingereza: viti 20 (yaani nafasi 20 za wahudumu wa simu), dola 7 kwa "saa ya kazi", asilimia 80 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 20, malipo siku 60 baada ya ankara, mkataba wa miaka miwili, notisi ya kuuvunja siku 30. Mshahara nimepanga shilingi 38,000 kwa mwezi. Kaka yangu ananiambia kazi hizi za kutoka ng'ambo ni utumwa mamboleo na nchi haipati kitu. Nitie saini?

Jibu: Dada, usitie saini kwa sura hiyo, ila kazi usiikatae. Bei si mbaya. Tatizo ni hayo maneno "saa ya kazi", ambayo dalali ameyaandika bila kuyaeleza. Kampuni inayopeleka huduma zake ng'ambo hufuata mshahara wa chini, hilo kila mtu analijua. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba pamoja na kazi husafirisha pia hasara: ya dakika ambazo simu hailii, ya dola kushuka, ya biashara kukauka ghafla. Usipoipangia bei, umeipokea bure.

Tuanze na gharama ya kiti kimoja kwa mwezi. Tarakimu ambazo hukunipa nimezikadiria; zitoe uweke zako. Mshahara ghafi 38,000. Juu yake mwajiri huongeza NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 6, yaani 2,280, tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 570, na 50 ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. SHIF, bima ya afya ya serikali, ni ya mfanyakazi, wewe unakata na kuwasilisha tu. Weka bima ya matibabu 2,500 na usafiri wa kurudi nyumbani usiku 3,000, umefika 46,400. Chumba, stima, dizeli ya jenereta na laini mbili za intaneti, 9,000. Kompyuta ya 70,000 ukiigawa kwa miezi 36 na hedifoni ya 6,000 kwa miezi 12 (hazivuki hapo, waya hukatikia kwenye maikrofoni), 2,450. Leseni ya programu ya simu dola 40, sawa na 5,200 kwa dola ya shilingi 130. Wasimamizi wawili wa 75,000 na mkaguzi wa ubora wa 60,000, ukiwagawanya kwa viti 20, 10,500. Mwisho, watu huondoka. Wakiondoka sita kwa mwaka na kila mbadala wake akagharimu 45,000 kumtafuta na kumfundisha, ni 1,125 kwa kiti. Jumla 74,700 hivi, na mshahara wako mwenyewe haumo. Huo utatoka kwenye faida.

Sasa saa. Wiki ya saa 45 ni saa 195 kwa mwezi, nawe unazilipia zote. Ondoa siku 21 za likizo ya mwaka, sikukuu, ugonjwa, chai, mafunzo, vikao vya kusikiliza simu zilizorekodiwa: asilimia 30 huyeyuka hivi hivi, na anayekwambia kwake huyeyuka 15 hajawahi kupima. Zinabaki saa 136.5 ambazo mtu yuko kitini, kavaa hedifoni, yuko tayari. Ukigawa 74,700 kwa saa hizo unapata shilingi 547, au dola 4.20. Dalali akilipia saa hizi, dola 7 ni neema.

Lakini kwenye mikataba mingi ya namna hii "saa ya kazi" huwa ni muda ambao mhudumu anaongea na mteja au anamalizia kuandika maelezo baada ya simu. Muda anaokaa akisubiri simu ilie ni wako. Hapo hesabu inageuka. Mhudumu akiwa kazini asilimia 80 ya muda wake wa kitini, unamtoza dalali saa 109 na kila moja imekugharimu shilingi 684. Bado unapumua. Akiwa kazini asilimia 60, ni saa 82, na kila moja imekugharimu 912. Dola 7 ni shilingi 910.

Utaniuliza kwa nini usiwasukume wafike 80. Sharti lao la sekunde 20 haliruhusu. Chukua saa moja yenye simu 120, kila simu dakika 5. Hizo ni dakika 600, yaani kazi ya watu 10 wasiopumua. Ila simu haziji kwa foleni ya adabu. Nne huingia pamoja, kisha kimya. Kanuni ya Erlang, yule Mdenmaki aliyepigia hesabu mitambo ya simu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, inasema ukiweka watu 13 utapokea takriban asilimia 77 ya simu ndani ya sekunde 20. Hujafika. Ukiweka 14 unapata kama asilimia 87. Basi unahitaji 14 kwa kazi ya watu 10, na 10 kwa 14 ni asilimia 71. Upesi wa kupokea simu hutengenezwa na watu waliokaa wakisubiri. Duka linataka upesi, halitaki kuwalipa wanaosubiri. (Viti 20 ukiondoa ile asilimia 30 ni watu 14 kwenye simu. Bila shaka aliyekupangia viti 20 alianzia hapo, kwa hiyo hesabu hii anaijua vizuri.)

Kwa asilimia 71 saa ya kazi inakugharimu shilingi 766, faida 144. Hiyo ni saa iliyojaa. Jumanne tulivu ya Februari zitaingia simu 60, na watu wako 14 wameshaketi. Duka la nguo huchemka mwishoni mwa Novemba kwenye punguzo la bei, huchemka tena Januari watu wakirudisha nguo zisizowatosha, kisha hupoa. Wastani wa mwaka wa asilimia 60 wala si kujitakia mabaya. Na ukubwa wa kikosi nao una neno lake: kituo chenye mamia ya wahudumu hufikia asilimia 90 na zaidi bila kuvunja sharti la sekunde 20, kwa sababu mawimbi ya simu humezana. Ndiyo maana wakubwa wa Manila, vile vituo vikubwa vya simu vya Ufilipino, wanaweza kutaja bei ambayo kwako ni kifo. Usishindane nao kwa bei ya saa ya maongezi.

Kuna njia tatu za kuirekebisha, na mojawapo inatosha. Ya kwanza, ulipwe kwa saa ya kuwa kitini, hata kwa bei ya chini: dola 5.50 ni shilingi 715 dhidi ya gharama ya 547, faida ya asilimia 23 na unalala usingizi. Ya pili, ubaki na dola 7 lakini uwepo uhakika wa kulipwa saa zisizopungua 1,950 kwa mwezi kwa viti vyote, simu zije zisije. Ya tatu, mkataba uchukue na barua pepe za wateja, ili mhudumu ajibu barua kati ya simu na simu na muda huo uhesabiwe. Mimi ningeanza na ya tatu maana haimuumizi mtu. Na kwa vyovyote duka likupe makadirio ya simu wiki sita kabla. Zikizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, adhabu ya kuchelewa kupokea isikuhusu.

Zamu zenyewe. Saa za kazi za London ni saa sita mchana hadi saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao. Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa zao, na zamu yako inaanza saa tano hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ziandike tarehe hizo ukutani. Kwa Mombasa kuna jambo ambalo dalali hatalifikiria: wakati wa Ramadhani kufuturu hapa huangukia katikati kabisa ya alasiri yao, simu zikiwa nyingi. Panga mapumziko kwa makundi, au changanya kikosi, na sala ya Ijumaa vilevile. Sikukuu za kwetu duka halizijui. Anayefanya kazi siku hiyo analipwa maradufu kwa sheria, na kiasi hicho kiwe na bei yake kwenye mkataba.

Dola. Januari 2024 ilikuwa kwenye shilingi 160 hivi. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa 130 kasoro. Aliyetia saini dola 7 mwanzoni mwa mwaka ule alipanga mishahara akiona shilingi 1,120 kwa saa, akaishia kupokea 910. Kwa kikosi chako hizo ni kama shilingi 400,000 kila mwezi zilizopotea bila mtu yeyote kukosea kazi. Mishahara haishuki pamoja na dola. Tia kifungu: bei imepangwa kwa kiwango fulani cha Benki Kuu, wastani wa miezi mitatu ukiyumba zaidi ya asilimia 5, juu au chini, bei inahesabiwa upya. Dalali mzoefu hatashangaa.

Pesa za kuanzia ndizo huua kampuni nyingi zenye mkataba mzuri. Mwezi wa kwanza ni mafunzo, hulipwi. Mwezi wa pili unafanya kazi, unatoa ankara mwisho wake. Unangoja siku 60. Kufikia pesa ya kwanza kuingia umeshalipa miezi minne ya gharama, na ukiondoa uchakavu wa vifaa ambao si pesa taslimu, ni karibu shilingi milioni 5.8. Kompyuta na hedifoni za watu 20 ni milioni 1.5 nyingine. Unazo milioni 7.3? Benki haitakukopesha kwa ankara ya dalali isiyemjua. Omba mafunzo yalipwe hata nusu bei, ankara mbili kwa mwezi, siku 30, na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa mwisho wa mkataba. Mhasibu wako akukumbushe pia VAT, kodi ya ongezeko la thamani: tangu Sheria ya Fedha ya 2023 huduma zinazouzwa nje hutozwa asilimia sifuri, ambayo si sawa na kusamehewa, kwani unaweza kudai VAT uliyolipa kwenye vifaa. Jisajili kabla hujanunua.

Notisi ya siku 30 ikatae. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinakutaka umjulishe mfanyakazi na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu, na umlipe kila mmoja mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza, pamoja na likizo anazodai. Duka likiondoka baada ya miaka miwili, mtu mmoja ni mshahara wa mwezi mzima. Mara 20 ni shilingi 760,000 kabla ya likizo. Notisi iwe siku 90, na gharama hiyo igawanywe.

Intaneti: wengi hununua laini mbili za kampuni mbili wakadhani wana njia mbili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na Durban, na ofisi ambayo laini zake mbili zilipita humo iliathirika zote mbili. Uliza kila kampuni, kwa maandishi, trafiki yako ya Ulaya inapita kebo gani. Moja ikiwa kwenye TEAMS inayotoka hapo Mombasa kwenda Fujairah, nyingine isiwe humo. Sauti haihitaji upana mkubwa, hesabu kilobiti 100 kwa simu moja kila upande. Inachohitaji ni kutotikisika: pakiti (vipande vya data vinavyobeba sauti) zikipotea zaidi ya asilimia 1 mteja ataanza kusema "hello? hello?" na dakika tano za simu zitakuwa saba. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, kwa hiyo weka betri za kushikilia kompyuta na ruta kwa dakika 15.

Data za wateja wa Uingereza kuletwa Kenya zinahitaji mkataba maalumu wa kuhamisha data, unaojulikana kama IDTA, na duka ndilo la kuuleta. Wewe jisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019. Kama wahudumu watapokea namba za kadi za benki, kataa au weka mfumo ambao mteja anabonyeza namba mwenyewe na rekodi inasimama. Simu za mkononi zibaki kabatini nje ya chumba. Tukio moja la namba zilizopigwa picha linafunga kampuni.

Kaka yako sasa. Mtu wako wa 38,000 akikatwa NSSF 2,280, SHIF 1,045, tozo ya nyumba 570 na PAYE, kodi ya mshahara, kama 2,615, anapeleka nyumbani karibu 31,500. Mshahara wake ghafi kwa saa ni shilingi 195, yaani dola 1.50, kutoka kwenye zile dola 7. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili ili kufunza mfumo wa OpenAI, wenye ChatGPT, walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, huku mkataba wa mwajiri wao ukitaja dola 12.50. Mwajiri alijibu kwamba 12.50 hubeba gharama zote. Umeona mwenyewe jinsi gharama zinavyokula, kwa hiyo jibu hilo lina ukweli ndani yake, na bado pengo lile ni pana kuliko lako. Kazi yao pia haikuwa ya kubadilisha saizi za suruali. Kesi za wachuja maudhui wa Nairobi dhidi ya Meta, wenye Facebook, zilizoanza 2022 zimefika mbali: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema mahakama za Kenya zina uwezo wa kuzisikiliza. Tangu hapo wanunuzi wa huduma huuliza maswali kuhusu hali ya wafanyakazi, na mishahara safi na mikataba iliyoandikwa imekuwa silaha yako ya kudai bei.

Kwamba nchi haipati kitu, hapo amekosea. Kwa asilimia 71 kiti kimoja kinaingiza kama shilingi 88,700, na katika kila 100, 43 ni mshahara wa mhudumu na 12 ni wa wasimamizi. Zaidi ya nusu inatumika Changamwe na Kisauni, kwa dola ambazo hazikuwapo nchini. Zinazotoka nje ni leseni na vifaa. Ila mgawanyo wa faida yote ni suala lingine. Mwaka 2003 McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, walikadiria kwamba kila dola 1 ya matumizi ya kampuni za Marekani iliyohamishiwa India iliirudishia Marekani dola 1.12 hadi 1.14, na India ikabaki na senti 33. Ni makadirio ya washauri, na yalitegemea wengi wa waliopoteza kazi kule kupata nyingine, dhana ambayo waliofutwa wenyewe wangeibishia. Mwelekeo wake lakini unakubaliana na hesabu yako: mwenye mteja na mwenye jina ndiye hubaki na kipande kinono.

India ilitokaje hapo? Tazama Genpact, kampuni ya huduma kama hizi. Ilianza 1997 kama kitengo cha GE (General Electric ya Marekani) cha kujihudumia chenyewe, mwaka 2005 ikajitegemea kwa jina jipya, 2007 hisa zake zikauzwa New York. Kilichoibeba ni ujuzi wa namna kazi inavyofanyika, ambao iliuuza kwa wengine. Kwa kiwango chako, hakikisha mkataba hausemi kwamba kila mwongozo mtakaoandika ni mali ya dalali. Andikeni sababu ya kila simu, hesabuni ni ngapi zinatokana na saizi, ngapi na mzigo uliochelewa, na ripoti hiyo ipelekeni dukani moja kwa moja. Muulize dalali pia analipwa kiasi gani na duka. Hatakwambia, ila utaona anavyojibu.

Na usitegemee miaka miwili iwe kumi. BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ilirudisha simu zake zote za wateja Uingereza na Ireland kufikia Januari 2020 baada ya malalamiko ya miaka. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza Februari 2024 kwamba roboti yake ya maandishi inafanya kazi ya watu 700, kisha 2025 ikaanza tena kuajiri watu wa kuongea na wateja. Maswali mepesi ya "mzigo wangu uko wapi" yatakwenda kwa mashine kwanza, na zitakazobaki kwako ni simu ndefu zenye hasira. Zikipanda kutoka dakika 5 hadi 8, wahudumu wale wale watapokea simu chache zaidi, kwa hiyo kataa bei ya kwa-simu hata akiipamba.

Kabla ya kujibu lolote, muombe dalali faili la simu za duka za miezi 12, nusu saa kwa nusu saa: ngapi ziliingia, ngapi zilikatika kabla ya kupokewa, wastani wa muda wa simu moja. Faili hilo kila kituo cha simu duniani kinalo, hutoka kwenye mfumo kwa kubonyeza mara mbili. Ukilipata, weka hesabu ya Erlang kwenye kila mstari na utajua asilimia yako halisi kabla ya kuajiri mtu mmoja. Akisema hana, basi zile dola 7 alizitoa kichwani, na wewe una haki ya kutoa zako.